Jiwe Lililonusa Kibirizi

Udongo mweupe wa njia ya Kasulu,
majivu ya pumba za mpunga,
kostiki ya mpika sabuni wa Mwanga:
siku mbili ndani ya chungu cha chuma, boliti sita.
Tulipokifungua, Bwana Ntahondi akachota unga,
mweupe, mkavu, usio na harufu,
akasema: Skola, hii ni nyumba.

Nikacheka. Basi ngano ya dukani
ni mji mzima.

Akachora ubaoni vyumba, korido, milango,
kila mlango na kimo chake.
Molekuli nyembamba hupita ubavu,
yenye mabega hubaki barazani.
Matofali ni silika. Palipopachikwa alumini
ukuta unabaki na deni,
na deni hilo amelishika sodiamu,
mpangaji mpole, hagombani na mtu.

Tulimtoa.
Tulimtoa kwa mbolea, ileile SA
wajomba zangu wanayotilia mahindi.
Amonia ikakaa mahali pake; tukaitia moto,
ikaondoka, ikaacha mlangoni kitu kidogo mno:
haidrojeni moja, pweke, uchi,
kali.
Huo ndio uchachu wa zeolaiti.
Ulimi wako hautaujua.
Masalia ya mawese yakipita humo yakiwa mvuke
ndiyo yatakayokatwa vipande.

Kazi yangu ilikuwa kupima huo ukali.
Unalilisha jiwe amonia mpaka lishibe,
unalipasha, digrii kumi kila dakika,
unaangalia nani anaondoka lini.
Wa mia na themanini walikuja kusalimia tu.
Walioshikwa hasa
huwatoi kabla ya karibu mia nne.
Na usiseme limefyonza, alinionya,
kufyonza ni kwa sifongo. Hapa ni kunata:
mgeni ameegemea ukuta,
hajawa ukuta.

Ila kwanza, kanuni: lipime likiwa tupu.

Sikulipa kitu.
Mwisho wa bomba niliweka maji ya rosela,
mekundu, yanayosubiri besi yoyote iyasaliti.
Digrii mia: mvuke, unyevu wa masika. Sawa.
Mia mbili: kimya.
Mia tatu na tisini
rosela ikawa zambarau, halafu kijani.

Nimemlisha nani?
Niliosha bomba. Nikarudia. Kijani.
Nikaishuku mikono yangu.
Mara ya tatu umeme ulikatika kwenye mia tatu na kumi,
nikakaa gizani na jiwe linalopoa,
kama watu wawili waliokatizwa wakitaka kuambiana jambo.
Mara ya nne nikalichomoa bomba kwenye rosela
nikaleta pua.

Dagaa.

Dagaa wa vichanja vya hapo chini, dirisha wazi tangu Jumatatu.
Harufu ambayo mama hurudi nayo kwenye kitenge,
ambayo mimi, kidato cha pili, niliiogea mara mbili kila asubuhi
na bado Yusta akahama dawati.
Kumbe nayo ni besi, inatafuta asidi ya kukalia.
Usiku kucha jiwe limelala kwenye kisosi,
na Kibirizi imeingia, mmoja mmoja,
ikashika kila kiti.

Bwana Ntahondi hakufurahi.
Aliandika daftarini: sampuli imechafuka.
Choma upya, digrii mia tano na hamsini, hewa ipite,
chupa iwe na kizibo. Na dirisha, Skola, dirisha.

Nikachoma. Nikafunga.
Kijiko kimoja tu nilikificha kwenye karatasi,
nikakishusha ufukweni.

Mama alikinusa, akanirudishia.
Hakina kitu, alisema.

Bado, nikamwambia. Kinataka mia tatu na tisini.

Akanitazama kidogo,
akaendelea kugeuza dagaa upande wa pili.